Kaka mjeda mstaafu, kinyongo cha kazini hakimuishi, tufanyeje?

Zabibu ya Hombolo:
Wakuu habari za jioni. Bro wangu alikuwa mjeda, Darfur alikuwepo mwaka 2013 ule waliouawa vijana wetu 7 kwa siku moja. Sasa cha ajabu hizo risasi anazisimulia freshi tu, ila ukigusa habari ya cheo imekula kwako. Aliporudi kuna mkubwa wake (kikosi sitaji) alimuandikia ripoti mbovu, dogo ambaye bro mwenyewe ndiye alimfundisha shabaha akampita cheo, yeye akastaafia palepale. Toka hapo saa nane usiku yuko nje kwenye kigoda anajibizana na huyo bosi peke yake, njia ya kambini hapiti anazunguka hata boda ikiongezeka jero, Septemba mosi, siku ya jeshi, anazima tivii. Shem kachoka. Nikitaja Mirembe, hospitali ya akili, anasema unataka niitwe chizi. Karogwa au?

Ipagala Juu:
Kiinua mgongo kimeisha huyo 😂 mpe shamba alime

Nesi wa Zamu:
Ipagala acha utani. Zabibu, mtu mwenye kiwewe cha vita anashtuka mlango ukibamizwa, kaka yako hashtuki, yeye anaiona ile ripoti tu. Siyo woga huo, ni kudhulumiwa. Kuna daktari wa akili Mjerumani, Michael Linden, hali hii ya kinyongo kisichoisha baada ya kuonewa aliipa jina 2003 (kwa Kiingereza post-traumatic embitterment disorder), aliiona kwa watu waliopoteza kazi na heshima zao baada ya Ujerumani mbili kuungana 1990. Na jeshini inauma zaidi maana afande hajibiwi, unasema ndiyo afande unameza, sasa ndo anamjibu saa nane usiku. Tiba yake ni maongezi zaidi, anapewa kisa cha mtu mwingine aliyeonewa halafu anaulizwa kila mmoja pale aliwaza nini, hata yule mbaya. Ila muulizeni wazi, bila kuzunguka, kama anawaza kujidhuru au kumfuata huyo bosi. Akisema ndiyo msimwache peke yake, hospitali siku hiyohiyo. Na Mirembe watu wanaenda kliniki asubuhi mchana wako kwao wanakula ugali, hili jina tumeliharibu sisi wenyewe huku mtaani.

Babu Kongwa:
Nimevaa kombati miaka mingi. Kijana, usimwambie "samehe yaishe", mimi mke wangu alikuwa ananiambia hivyo nikawa namchukia na yeye. Kilichonisaidia ni mzee mwenzangu wa jeshi, alinisikiliza mpaka mwisho akasema "ulionewa kweli". Basi. Nililia kama mtoto, nikalala. Baadaye ndo nikakubali kwenda kwa mtaalamu, siyo kabla. Mlete Jumamosi, nina mbuzi.

Zabibu ya Hombolo:
Shikamoo mzee, asante. Nesi nimemuuliza, kasema hapana ila alikaa kimya kwanza, kwa hiyo namwangalia. Mirembe bado kagoma. Kwenda Kongwa kakubali, kauliza tu gari linapita njia gani.