Mchuzi wa dengu uwe mzito bila nyama

Mkazi wa Kondele, Kisumu: Ndugu zangu, nyumbani tumeacha kula nyama, nami nimejaribu mara tatu kupika dengu kubwa, zile ambazo wauzaji wengi huziita chana, lakini hata baada ya saa tatu jikoni zinabaki ngumu na mchuzi unakuwa mwepesi kama maji. Ninakosea wapi?

Mama wa Nakuru: Dada, naamini unatia nyanya mapema, na asidi ya nyanya huzuia dengu kulainika. Ziloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uzichemshe katika maji mapya mpaka zipondeke kwa vidole, ndipo uziunge kwa kitunguu, tangawizi, bizari nyembamba na nyanya. Ponda kikombe kimoja cha dengu zilizoiva ukirudishe sufuriani. Uzito wote hutoka hapo, wala huhitaji unga.

Mkulima wa Kakamega: Magadi kidogo sana wakati wa kuchemsha husaidia pia, ila yakizidi ladha huharibika. Mimi huongeza vipande vya malenge, na kwa ugali wa wimbi sijaona kitoweo kinachoshibisha zaidi.

Mkazi wa Kondele: Asante, mama. Kweli nyanya nilikuwa nikizitia mwanzoni kabisa. Leo jioni ninaloweka.