Amemkata Jim Reeves kabla ya kiitikio, hapa hapa Nakuru!

Mjukuu_wa_Menengai:
Jamani, mko macho? Mmesikia kipindi cha kantri sasa hivi? Mtangazaji simtaji jina, mnamjua nyote, yule anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Amemkata Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani! Hakungoja wimbo uishe, hakungoja hata ubeti uishe. Jim amevuta pumzi aingie kwenye kiitikio, pap, tangazo la kubeti. Kisha akarudi hewani akasema: "Poleni wasikilizaji, hiyo ilikuwa muziki ya matanga."

Muziki ya matanga!

Chai yote imemwagikia jikoni. Mzee wangu ameipiga ngumi redio yake, ile ambayo betri zimeshikiliwa na mpira wa tyubu kwa sababu kifuniko kilipotea zamani, na betri moja bado tunaitafuta chini ya kochi.

Huyu bwana anadhani kantri ilishuka Bonde la Ufa juzi kwa matatu ya Molo. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani wa kwenye santuri. Jina lake wameligeuza Chemirocha, na yeye wamemfanya nusu mtu nusu swara. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933! Wazee wetu wakaendelea na Jim Reeves, Don Williams na Charley Pride enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijageuzwa KBC 1989. Halafu mtoto wa juzi anakuja kuwapa pole wasikilizaji?

Huko Nashville, Marekani, redio ya WSM ilifunguliwa Oktoba 1925 na kampuni ya bima. Ya bima! Kipindi chao cha Grand Ole Opry kipo hewani mpaka leo. Watu wa bima waliuvumilia muziki huu miaka nenda miaka rudi, huyu wetu ameshindwa kungoja kiitikio kimoja.

Nyanya_za_Kondele:
Kaka, matanga ni kwako. Chai imemwagika, redio imepigwa, kisa mtu aliyeanguka na ndege 1964? Mwenyewe hajalalamika.

Mama_Njoro:
Mimi pia nilimsikia, na akacheka kabisa. Lakini tuseme ukweli, ni matanga gani Nakuru umehudhuria usimsikie Jim Reeves?

Mjukuu_wa_Menengai:
Mama, shida si matanga! AMEMKATA. Kabla ya kiitikio!

Boda_Section58:
Afadhali wewe umekatiwa wimbo. Wale wa asubuhi wanapigia simu mabibi za watu saa kumi na mbili, na abiria wangu wote wanataka niongeze sauti. Tulipewa jiji 2021, redio zikabaki sokoni.

Mama_Njoro:
Na Sir Elvis je? Mkenya wetu anaimba kantri safi, nani anampiga?

Omwana_wa_Khayega:
Mnalilia Wamarekani na omutibo, gita letu la Waluhya, mmeuzika. George Mukabi alifariki 1963, mwaka mmoja tu kabla ya huyo Reeves wenu. Gita moja, mtu anagonga chupa ya soda pembeni, na kijiji kizima kinacheza. Ni stesheni gani inampiga leo? Mnataka mpaka awe na kofia ya ng'ombe?

Nyanya_za_Kondele:
Omutibo ungoje foleni. Hapa Kisumu kwenyewe D.O. Misiani wa benga anapigwa usiku wa manane, mchana kutwa ni rumba ya Kongo. Benga kwanza!

Mjukuu_wa_Menengai:
Turudini kwa Jim Reeves tafadhali. Nani ana nambari ya kulalamika pale studioni?

Boda_Section58:
Wa Khayega, hiyo chupa ni ya Fanta ama Koka? Babu yangu anasema Koka haiwezi kutoa ile sauti.

Omwana_wa_Khayega:
Fanta, ile ya zamani yenye matuta matuta. Koka ni laini, utaikwaruza wapi?

Nyanya_za_Kondele:
Uongo mtupu. Hata Koka inalia ukigonga na msumari.