Sauti na picha kukimbiana kwenye kuedit: tupeane uzoefu

fundi_michenzani: Wenetu mnaopiga harusi na maulidi, jana nimeona klipu ya kasida, mdomo ushafunga sauti bado inakuja. Nani yashamkuta?

mkaawete: Yashanikuta yakhe. Taarabu ya harusi usiku, kamera mbili na simu ya mdogo wake bi harusi, sauti naitoa kwenye miksa naingiza kwenye rekoda. Kuja kupanga kwenye taimulaini wimbo wa mwanzo safi, kidole cha mpiga kanuni kikigusa uzi na mlio upo hapo hapo, kufika katikati kamera ziko sawa lakini ile simu ishapotea kabisa, mwimbaji ndo kwanza anavuta pumzi na sauti yake ishapanda juu, na mama mtu kila asubuhi anapiga anataka video yake. Simu haishiki fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, pakiwa na kiza inapunguza, taa zikiwaka inaongeza, ukivuta huku kule panakwenda upogo. Ikabidi niikate wimbo kwa wimbo kila kipande nikifunge upya na sauti yake.

bintichwaka: Simu za usiku hizo, kweli tupu.

kamera_shamba: Mnaionea simu. Angalieni fremu kwanza, picha ya fremu 30 kwa sekunde ukiilazimisha iende 29.97, saa moja tu ishaachana na sauti sekunde 3.6.

mkaawete: Ya kwangu haikuwa hiyo, iliachia na kurudi, ya kwako inaachia moja kwa moja.

fundi_michenzani: Pigeni kofi mbele ya kamera zote kabla bendi haijaanza, mpate alama ya kufungia sauti na picha.

kamera_shamba: Kofi kwa maiki ya kamera iliyo nyuma kabisa, mbali na jukwaa, pale Ngome Kongwe? Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ukikaa mita 34 ushachelewa fremu mbili na nusu kwenye picha ya fremu 25 kwa sekunde. Tazama viganja vinapokutana, usifuate maiki.

fundi_michenzani: Nani kakwambia kofi lipigwe mbali? Unasogea jukwaani!

pwanimchangani: Nunueni vifaa vya taimukodi, vile vinavyozipa kamera na rekoda saa ile ile, mpumzike.

bintichwaka: Kwa bei hizi za harusi? Wekeni programu ya kufunga simu kwenye 25 basi. @mkaawete mama mtu ikawaje?

mkaawete: Kaipokea, kisha kauliza mbona haonekani akimtunza mwimbaji wimbo wa pili. Kipande hicho kipo kwenye simu tu. Nakifunga sasa hivi, usiku nampelekea.