Mrejesho: Kijana aliyekwama kituo cha mabasi amefika kwao

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwaomba ushauri juu ya kijana aliyeibiwa begi lenye nauli na kitambulisho, akawa analala kwenye benchi la kituo cha mabasi. Nawashukuru nyote, hasa aliyenishauri nisimpe fedha mkononi bali nimpeleke kwenye shirika la hisani linalohudumia watu wasio na makazi na wasafiri waliokwama.

Tulianzia polisi kuchukua hati ya upotevu, kama mlivyoelekeza, na kwa kweli karatasi ile ndiyo iliyotusaidia, kwa sababu mhudumu wa shirika aliisoma kwanza, akampigia simu dada wa kijana kuhakikisha kwamba yupo wa kumpokea, ndipo akamkatia tiketi kwa jina lake. Alifika salama.

Suala la malazi lilishindikana. Vitanda vilikuwa vimejaa tangu alasiri (nadhani tungewahi asubuhi tungepata), hivyo alirudi kulala kituoni usiku mmoja zaidi, viatu akiwa amevifanya mto. Kitambulisho bado hakijapatikana; anakifuatilia akiwa kwao.