Mrejesho: Yule mteja aliyenipa pete nimtunzie Kilimanjaro

Wakuu, niliwauliza juzi: mimi naongoza watalii mlimani, mteja kanipa pete nimtunzie amvishe mchumba wake kileleni. Je, nimshauri asubiri tushuke? Wengi mlisema vidole huvimba huko juu. Mlikuwa sahihi kabisa, asanteni.

Tulitoka kambi ya Barafu, mita 4,673, saa sita usiku. Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, tukafika jua linachomoza. Dada kachoka, kakaa juu ya jiwe analia. Jamaa akanitazama, nikaelewa. Kufika Uhuru, kilele chenyewe, ilibaki kama saa nzima. Nikaitoa pete mfuko wa ndani, nimeiviringisha kwenye soksi ya sufi. Akapiga goti kwenye changarawe, maneno yanakatika kwa kukosa pumzi. Dada akavua glavu kwa meno, akasema ndiyo kabla hajaulizwa vizuri. Pete ikagoma kwenye kifundo, akaivaa kidole cha mwisho.

Wenzangu wakaimba, mimi machozi yakanitoka. Miaka tisa napanda mlima huu, sijaona kitu kizuri kama kile.

Uhuru, mita 5,895, walifika wote wameshikana mikono. Kesho yake, tukishuka kutoka kambi ya Mweka, pete ikaingia kidole chake bila shida.