Risasi 17 ruksa Pennsylvania, jela New Jersey: hii ni nchi moja kweli?

Mwana Orkesumet
Wakuu, salaam. Naendesha lori mwaka wa sita sasa, makazi Pennsylvania, grini kadi ninayo na kibali cha kubeba silaha ninacho. Bastola yangu ni Glock 17, na magazini (kile kikasha cha risasi) iliyokuja nayo dukani inameza risasi 17. Hapa nyumbani hakuna anayenihesabia. Nikishavuka mto pale Delaware Water Gap kwenda kushusha mzigo New Jersey, magazini ileile, hata ikiwa tupu, ni jinai. New Jersey mwisho ni 10, na kifungo kinaweza kufika miezi 18.

Barabara kuu ya I-80 inapita majimbo 11 mpaka San Francisco. Ohio na Indiana hawana kikomo. Illinois bastola mwisho 15, bunduki ndefu 10. Iowa, Nebraska, Wyoming, Utah, Nevada, shwari. California unarudi kwenye 10. Dereva awe na begi la magazini za kila mkoa kama funguo za mlinzi wa shule? Kwa nini serikali kuu isitoe sheria moja tukaijua? Mwaka jana watu waligonga mlango wa lori saa nane usiku nimelala kwenye maegesho. Usiku ule sitaki kuurudia mikono mitupu.

Nesi wa Newark
Pole kwa mkasa. Ila New Jersey haikuotea. Zamani ilikuwa 15, wakashusha hadi 10 mwaka 2018, miezi michache baada ya wale watoto wa shule kuuawa Parkland kule Florida. Mimi niko chumba cha dharura, matundu ya risasi nayaona kwa zamu. Wezi wawili wa lori unawahitajia risasi 17 za nini? Kwenu Umasaini, Simanjiro, umelala porini na ng'ombe na rungu, ukaamka mzima.

Mtu wa Dallas
😂😂 Rungu! Kaka hamia Texas, huku unanunua ya risasi 30 kama unanunua mkate. Mwizi hasomi gazeti la serikali. Anayebaki na risasi 10 ni yule mjinga anayetii sheria.

Mwana Orkesumet
Dada Nesi, nimeuliza sheria, umeniletea rungu. Ingekuwa aliyeuliza ametoka Moshi ungemwambia ajilinde na pombe ya mbege?

Nesi wa Newark
Nilitania, samahani. Ila wewe wa Dallas sikiliza. Tucson, Arizona, Januari 2011, yule aliyempiga mbunge Gabrielle Giffords alikuwa na magazini ya risasi 33. Alipoimaliza akawa anataka kubadilisha, watu wakamrukia pale pale, na mama mmoja akanyakua magazini aliyotaka kuichomeka. Walikufa watu 6, mmoja mtoto wa miaka 9. Sasa ile nafasi ya kubadilisha ingekuja kwenye risasi ya 10? Hilo ndilo kikomo kinalotafuta. Nijibu hilo.

Kijana wa Kigamboni
Rungu msilidharau. Pale Kariakoo Mmasai mmoja na rungu lake analinda duka la mamilioni, na asubuhi mwenye duka analikuta kama alivyoliacha. Huko Marekani mna magazini za 30 na bado mnagongewa milango.

Mwana Orkesumet
Wewe wa Kigamboni hujui unachokisema. Hao walinzi ni ndugu zangu. Umewahi kumuuliza analipwa ngapi? Analala kwenye boksi, mvua ikinyesha ni yake, na majambazi wakija na bunduki anakufa yeye kwanza, kesho yake analetwa mwingine kutoka kijiji kilekile. Mnapenda rungu kwa sababu ni rahisi kuliko kuajiri mlinzi mwenye silaha na bima. Msitufanye pambo.

Kijana wa Kigamboni
Hasira za nini laigwanani? Nimesifia.

Mwana Orkesumet
Sifa za namna hiyo mpe baba yako.

Chemolingot
Taratibu ndugu zangu. Mimi nimetoka Baringo, niko Minnesota. Kwetu rungu halikuzuia wezi wa mifugo, ndiyo maana serikali ya Kenya imekuwa ikiwapa bunduki polisi wa akiba, watu wa vijijini humo humo. Zikija zinasaidia, zikinyang'anywa mnabaki uchi. Kwa hivyo namuelewa bwana lori. Lakini hata hao wa akiba walikuwa wanahesabiwa risasi moja moja. Sijaona askari wa kwetu akililia magazini kubwa, analilia risasi za kuijaza.

Mtu wa Dallas
Kumbe hata Kenya serikali inajua raia anahitaji silaha. Asante kwa kunisaidia.

Chemolingot
Sikukusaidia. Soma tena.

Kadogo wa Uvira
Miye niko Des Moines, Iowa. Huku hakuna sheria ya kuhesabu risasi, ni kweli. Lakini bunduki niliiona ya kutosha kule kwetu, sitaki hata moja mu nyumba yangu. Munagombana 10 ao 17. Ndugu yangu alikufa na risasi moja.

Jaji wa Vijiweni
Pole sana Kadogo.

Nirudi kwa aliyeuliza, maana mmemwacha kwenye mataa. Sheria moja ya nchi nzima ilikuwepo. Bunge liliipitisha 1994, mwisho risasi 10 kwa magazini mpya, ila waliiwekea miaka 10 tu. Septemba 2004 ikafa yenyewe, hawakuihuisha. Tangu hapo kila jimbo na lake. Connecticut waliweka 10 mwaka 2013 baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook. Colorado 15, mwaka huohuo, baada ya mauaji ya sinema kule Aurora. New York 10 walikuwa nayo tayari, 2013 wakasema usipakie zaidi ya 7. Jaji akaifuta hiyo ya 7 kabla mwaka haujaisha, 10 ikabaki. Delaware mwaka 2022 wakaweka 17. Bwana Orkesumet, hao ni kama walikuja na rula wakapima bastola yako.

Na namba si mwisho wa habari. Kuna jimbo linakataza kuuza, kuna linalokataza hata kuwa nayo. Maryland huwezi kuinunua ya zaidi ya 10, lakini ukiwa umeinunua kwingine ukaja nayo, kosa hilo halipo. New Jersey hata ikikaa kabatini ni kosa. Anayesema "jimbo fulani ni 10" hajakwambia kitu bado.

Mtu wa Dallas
Si kuna sheria ya 1986 inayomlinda msafiri? Akifunga silaha vizuri apite popote?

Jaji wa Vijiweni
Ipo. Bunduki isiwe na risasi, iwe mbali na mkono, na uwe na haki ya kuwa nayo unakotoka na unakokwenda. Tena inataja silaha na risasi, magazini haikuitaja, hapo mawakili wanavutana. Yeye anashusha mzigo New Jersey, kwa hiyo anakokwenda ndiko kulikokatazwa. Haimfai. Kuna mama wa Philadelphia alikamatwa New Jersey akiwa na kibali cha Pennsylvania, akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola. Nusura afungwe miaka, mpaka gavana wa New Jersey, Christie, akamsamehe 2015. Na huyo kosa lake halikuwa hata magazini.

Kijana wa Kigamboni
Kwa hiyo ukweli ndio ulimponza. Marekani bwana.

Nesi wa Newark
Bado nasubiri jibu la Tucson.

Mtu wa Dallas
Wewe nesi umeanza na rungu sasa unadai majibu. Mwenzio umemtukana kabila lake.

Nesi wa Newark
Niliomba samahani, na nilimwomba yeye. Wewe ni nani, karani wake?

Mwana Orkesumet
Samahani nimeipokea dada. Yaishe. Nikiri kitu kimoja ambacho sikusema mwanzo: mkataba wa kampuni ninayobebea mizigo unakataza silaha ya aina yoyote ndani ya lori.

Chemolingot
Ngoja. Kwa hivyo hata ya risasi 5 hairuhusiwi?

Mwana Orkesumet
Lori ni langu, nimelinunua kwa jasho. Mizigo ndiyo yao. Nilikuwa najiandaa kuachana nao, ndiyo maana nikauliza.

Nesi wa Newark
Na mzigo wako unaofuata unakwenda wapi?

Mwana Orkesumet
Newark.

Jaji wa Vijiweni
Basi iache nyumbani, kaka.

Kijana wa Kigamboni
Rungu limetajwa kwenye mkataba?

Mwana Orkesumet
Halijatajwa.