Naomba ushauri: kuandaa boti ya kuishi kwa safari ndefu ya kaskazi

Wakuu, habari za kazi. Niko Moshi, boti yetu ya faiba iko Tanga. Mimi na mke wangu tumepanga kuishi humo kuanzia Desemba, tushuke na upepo wa kaskazi kupitia Unguja na Mafia hadi Kilwa, turudi upepo wa kusi ukianza.

Kinachoninyima usingizi ni umeme. Betri ni mbili za asidi, ampea-saa 100 kila moja. Zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo nina kama 100 tu za kutumia kwa friji, taa na redio ya upepo. Sola ya wati 200 itatosha, au nihamie lithiamu? Mafundi wa sola Moshi wapo, tena wazuri, ila wamezoea mapaa. Baharini waya wa kawaida unaota kutu ya kijani hadi ndani ya plastiki. Waya wa shaba uliopakwa bati naupata wapi, Tanga au Dar?

Halafu valvu moja ya chini ya maji imekaza kabisa. Naweza kuibadilisha boti ikikaa mchangani maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa sana) yakitoka, au lazima ipandishwe nchi kavu? Aliyewahi kufanya hivyo anielekeze, tafadhali.